Karatasi Zenye Majina ya Watu

Mazoezi ya kwanza ya wimbo wangu yalidumu dakika kumi na mbili, kisha mwalimu akashusha mikono. Mbele yangu walikuwa wamekaa watu kumi na saba: saksafoni tano safu ya mbele, tromboni nne nyuma yao, tarumbeta nne nyuma kabisa, na pembeni piano, gitaa, besi na dramu. Hiyo ndiyo bendi kubwa ya jazz kama inavyofundishwa vyuoni Marekani. Mimi, binti wa Morogoro niliyekuja kusoma shahada ya uzamili nikiwa na tromboni ya kuazima, nilikuwa nimeitungia wimbo.

Kwenye kompyuta wimbo ulikuwa mzuri. Lakini kompyuta haiishiwi pumzi. Ukiiambia tarumbeta ishike noti ya juu kwa mapigo kumi na sita, inashika. Mpuliza tarumbeta wa pili, kijana mkimya ambaye mpaka siku hiyo sikuwa nimewahi kuongea naye zaidi ya salamu, alijaribu mara tatu. Mara ya tatu midomo ilikataa, sauti ikapasuka kama ya jogoo anayejifunza kuwika. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Mwalimu hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Hii umemwandikia nani?"

Nikamjibu: tarumbeta ya pili.

"Tarumbeta si mtu," akasema, tukaendelea na nyimbo nyingine.

Aibu ya jioni ile ndiyo iliyonirudisha kwa Duke Ellington, mtu niliyedhani namjua kwa sababu nilikuwa nimesoma juu yake kwa ajili ya mtihani. Nilijua alizaliwa Washington mwaka 1899, akaongoza bendi yake karibu miaka hamsini, akafariki Mei 1974. Nilichokuwa nimekipita haraka ni jambo dogo kuhusu karatasi zake. Karatasi hizo, maelfu kwa maelfu, zilinunuliwa mwaka 1988 na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, mjini Washington huko huko alikozaliwa. Kwa kawaida karatasi ya mwanamuziki wa bendi huandikwa juu jina la chombo: tromboni ya kwanza, saksafoni ya tatu. Karatasi nyingi za bendi ya Ellington zimeandikwa jina la mtu. Tena mara nyingi si jina la cheti, bali la utani. Kuna ya Tricky, kuna ya Cootie, kuna ya Rab, kifupi cha Rabbit, yaani Sungura, ndivyo walivyomwita Johnny Hodges, mpuliza saksafoni.

Sikuona hapo urafiki peke yake. Niliona namna ya kutunga.

Desemba 1927 bendi ya Ellington ilianza kazi Cotton Club, klabu ya usiku mtaani Harlem, New York. Waliopanda jukwaani walikuwa weusi na waliokaa mezani walikuwa weupe, na sheria ya nyumba ilikuwa hiyo. Wateja walikuja kuuziwa Afrika ya kubuni, yenye majani ya karatasi na wacheza shoo waliovaa manyoya, na muziki uliosindikiza mambo hayo ukaitwa mtindo wa msituni. Ellington mwenyewe hakukanyaga Afrika ya kweli mpaka 1966, alipokwenda Dakar kwenye tamasha la sanaa za watu weusi.

Hata hivyo, ndani ya biashara ile ya aibu kulikuwa na jambo la kweli. James "Bubber" Miley, mpuliza tarumbeta, aliifanya tarumbeta ingurume. Alikuwa akikoroma kooni huku anapuliza, na mkono wa kushoto ukifungua na kufunga mdomo wa tarumbeta kwa kile kikombe cha mpira tunachozibulia sinki. Joe "Tricky Sam" Nanton akaufanya mchezo huo kwenye tromboni mpaka ikasema kama mtu mwenye mafua anayekunung'unikia sikioni. Sauti hizo hazikuwa katika kitabu chochote cha mafunzo. Zilikuwa katika midomo ya watu wawili. Ellington alizisikia, akazitungia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni "Mood Indigo" ya mwaka 1930. Mwanzo wake unabebwa na watu watatu tu: tarumbeta, tromboni na klarineti. Mwanafunzi yeyote wa muziki angevipanga vyombo hivyo jinsi vilivyoumbwa: klarineti juu, kwa kuwa sauti yake ni nyembamba, tarumbeta katikati, tromboni chini, mahali pake pa kawaida. Ellington alipindua mpango. Aliiweka tarumbeta juu, ikiwa imezibwa mdomo. Tromboni, nayo imezibwa, akaipandisha mpaka ikawa jirani wa tarumbeta, mahali ambapo mpulizaji hutokwa jasho. Klarineti akaishusha chini kabisa, kwenye sauti zake nene za mbao. Zikisikika pamoja, hutambui ni vyombo gani. Inakuwa sauti ya nne, isiyo ya yeyote kati ya wale watatu.

Nimejaribu kuuandika mpangilio ule mwenyewe, kwa ajili ya kujifunza. Kwenye karatasi ni noti chache ambazo hata mtoto angezinakili. Kazi iko katika kujua ni nani anayeweza kupuliza tromboni kwa upole akiwa juu namna ile, na kumwandikia huyo.

Ukitunga hivi, unajitia katika hatari ambayo mtunzi wa vyombo haijui. Watu huondoka.

Miley aliondoka kwenye bendi mwaka 1929, na mwaka 1932 kifua kikuu kikamuua. Nafasi yake ilichukuliwa na Cootie Williams, ambaye ilimbidi ajifunze kungurumisha tarumbeta akiwa kazini. Alijifunza akampita aliyemtangulia, mpaka Machi 1940 Ellington akarekodi "Concerto for Cootie", wimbo mzima uliojengwa juu ya mtu mmoja na namna zake za kupuliza, wazi na kuzibwa, kwa ukali na kwa upole. Miezi minane baadaye Cootie akahamia bendi ya Benny Goodman. Lilikuwa tukio kubwa kiasi kwamba kiongozi mwingine wa bendi, Raymond Scott, alitunga wimbo kuhusu kuondoka kwake. Cootie alirudi kwa Ellington mwaka 1962, baada ya zaidi ya miaka ishirini.

Mtu aliyekulia Tanzania hahitaji kufafanuliwa habari hii. Kwetu neno jazz halikuwa na maana ya Harlem. Tangu miaka ya 1930 vijana wa Tanganyika waliziita bendi zao jazz: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, baadaye Western Jazz na Kilwa Jazz, na walichokipiga kilikuwa karibu zaidi na rumba ya santuri za Cuba kuliko na Ellington. Lakini wivu wa bendi ulikuwa ule ule. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na mashabiki waligawanyika kama wa Simba na Yanga. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilikuwa na Msondo. Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978 ilikuja na Sikinde, na Muhiddin Maalim Gurumo, sauti ya Msondo tangu mwanzo, akahamia huko. Nyumbani kwetu wazee walisimulia uhamisho huo kama wanavyosimulia msiba wa ukoo: nani aliondoka, nani alimfuata, nani alibaki akaziba pengo.

Pengo lina swali lingine ndani yake, nalo ndilo lililoninyima usingizi. Kama wimbo umetengenezwa kwa mngurumo wa fulani na upole wa fulani, wimbo huo ni wa nani?

Kwa upande wa sheria jibu ni rahisi: ni wa yule ambaye jina lake limeandikwa. Kwenye "Mood Indigo" kuna majina matatu: Ellington, Barney Bigard aliyepuliza klarineti, na Irving Mills. Mills hakuwa mpulizaji. Alikuwa meneja na mchapishaji wa Ellington mpaka 1939, na jina lake liko kwenye nyimbo nyingi za miaka ile, likichuma mirabaha pamoja na watunzi. Bigard ndiye aliyeleta sehemu ya muziki ule, lakini jina lake lilikawia miaka mingi kuingizwa. Wengine majina yao hayakuingia kamwe. Wapulizaji walipiga vipande vya kubuni papo hapo mazoezini, Ellington akavidaka, akavijengea nyumba, na nyumba ikawa na hati ya mtu mmoja. Lawrence Brown, mpuliza tromboni aliyekaa naye miaka mingi kuliko wengi, alikumbuka kumwambia usoni kwamba yeye si mtunzi, ni mkusanyaji.

Kwa muda nilikuwa upande wa Brown kabisa. Mimi pia napuliza tromboni, na watu wa tromboni tumezoea kusahaulika. Lakini kadiri nilivyosikiliza, hukumu ile ilinishinda. Wapulizaji wengi wa Ellington walipoondoka na kuanzisha bendi zao walikwenda na midomo yao ile ile, na bado hawakutoa "Mood Indigo" ya pili. Hodges aliondoka mwaka 1951, Brown akiwa miongoni mwa walioongozana naye, na mwaka 1955 Hodges alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Kulikuwa na kitu ambacho hakuna aliyeweza kukibeba alipofunga sanduku la chombo chake. Ellington bila wao alikuwa na karatasi tupu. Wao bila Ellington walikuwa na vipande vya muziki visivyo na nyumba.

Yeye aliligharamia jambo hilo. Zama za bendi kubwa zilipokwisha baada ya vita, na wengi wakazivunja bendi zao kwa kukosa fedha, Ellington aliendelea kuwalipa watu wake, akitumia mirabaha ya nyimbo zake za zamani kufidia hasara za safari. Alipoulizwa sababu, jibu lake lilikuwa la mtunzi: alitaka akiandika kitu ausikie muziki huo mara moja. Aliandika hotelini, aliandika kwenye treni. Miaka ya 1930, walipozunguka majimbo ya Kusini ambako mtu mweusi hakupewa chumba cha hoteli wala kiti cha mgahawa, bendi ilikodi mabehewa yake yenyewe ikalala humo. Kuna nyimbo zilizozaliwa ndani ya ubaguzi ule, juu ya reli.

Tarehe 23 Januari 1943 aliingia Carnegie Hall, ukumbi wa muziki wa heshima kuliko wote New York, na kazi ndefu kuliko zote alizowahi kuandika: "Black, Brown and Beige", takriban dakika arobaini na tano, historia ya watu weusi wa Marekani kwa sauti ya bendi ya dansi. Nyimbo za kazi za watumwa zimo, sala zimo, askari weusi wa vita za Marekani wamo, Harlem imo. Katikati ya sehemu ya kwanza alimsimamisha Hodges, yule Sungura, apulize "Come Sunday". Ellington angeweza kuweka kwaya. Aliweka saksafoni moja ya mtu mmoja aliyejulikana kwa kupuliza huku uso wake hauoneshi chochote.

Wakosoaji walimpokea vibaya. Wale wa muziki wa kizungu waliona kazi haina umbo. Katika wale wa jazz, John Hammond aliuliza kama Ellington ameiacha jazz, kwa sababu watu hawawezi kuicheza. Baada ya maonesho machache Ellington hakuipiga tena yote kamili hadharani. Aliichukua vipande vipande, akavirekodi, na mwaka 1958 akairudia "Come Sunday" na Mahalia Jackson. Historia aliyotaka kuisema kwa pumzi moja ilisikika kwa vijisehemu.

Niliposoma lawama za Hammond nilimkumbuka baba yangu mdogo, ambaye kipimo chake cha muziki kilikuwa kimoja: watu wameinuka au wamekaa?

Baba mdogo alipuliza tarumbeta kwenye bendi ya kiwanda kimoja Morogoro. Sasa ni mzee, meno ya mbele hana, na tarumbeta hana. Lakini ana tabia ya kupuliza kwa midomo mitupu, akiwa ananyoa au anasubiri chai, na kuna mstari mmoja anaourudia tangu nikiwa mtoto. Mstari huo ndio uliokuwa moyo wa wimbo wangu. Niliuweka kwenye saksafoni, nikauongezea, nikaugeuza, nikauita wimbo "Msamvu Saa Kumi na Moja" kwa ajili ya stendi ya mabasi ya kwetu, na juu kulia nikaandika jina langu peke yangu. Sikuwa nimemwomba. Nilikuwa nimekaa miezi kadhaa nikimhukumu Ellington, na karatasi yangu mwenyewe ilikuwa mezani.

Nilimpigia saa tano usiku, kwao asubuhi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mmelalaje huko?"

Nikamwambia huku bado hatujalala. Nikamwimbia mstari ule, nikamweleza nilichokifanya, nikamwomba radhi, nikamwambia nataka kuandika jina lake. Alinyamaza, nikadhani mtandao umekatika.

"Ule si wangu peke yangu," akasema. Mwanzo tu ndio wake. Jibu lake lilibuniwa na mwenzake wa tarumbeta ya pili, marehemu sasa. Na ile noti ya mwisho, inayochelewa, ilikuwa kosa: mpuliza domo la bata alikuja mazoezini amechelewa, akaingia mahali sipo, kiongozi akasema hapo hapo, msiitoe. Wimbo ukarekodiwa, na redioni ukatangazwa kwa jina la mwimbaji. Nilimuuliza kama iliwauma. Akasema mwimbaji ndiye aliyeleta maneno, na mshahara walilipwa.

Kisha akasema, bila mimi kumuuliza, kwamba hata tarumbeta ilikuwa ya kiwanda. Siku aliyoacha kazi aliipeleka stoo, wakaikagua, akatia sahihi kwenye daftari kwamba ameirudisha nzima. "Ndiyo karatasi pekee duniani yenye jina langu na ile tarumbeta," akasema, akacheka, akakohoa, akaniuliza kama huko kuna baridi.

Niliuandika wimbo upya kwa wiki tatu. Safari hii sikufungua kompyuta mpaka mwisho. Nilikwenda mazoezini mapema, nikakaa nyuma na kusikiliza watu wakipasha midomo, kila mmoja peke yake. Yule kijana wa tarumbeta ya pili, ambaye noti ya juu ilimtesa, ana sauti ya chini nene na tulivu ambayo hakuna aliyekuwa amemwandikia, kwa sababu tarumbeta ya pili hupewa mabaki. Nilimpa mstari wa baba mdogo, chini, akiwa ameziba. Jibu lake nikampa msichana wa saksafoni ya bariton, anayependa kuvuta noti kuliko zilivyoandikwa, nami nikaacha kumsahihisha. Noti iliyochelewa niliiacha ichelewe.

Kwenye ratiba ya onesho nafasi ya mtunzi ina mstari mmoja. Niliomba iongezwe, nikaambiwa ukurasa umeshapangwa. Kwa hiyo jina lililochapwa ni langu. Lakini karatasi zilizo juu ya stendi za wapulizaji nilizichapa mwenyewe, na juu yake hakuna tarumbeta ya pili wala saksafoni ya bariton. Kuna jina la anayepuliza, na chini yake, kwa wale wenye sehemu za ule mstari, jina la aliyeupuliza kwanza Morogoro, kama alivyoitwa na wenzake. Moja la majina hayo ya utani halifai kuandikwa mbele ya wazazi. Nililiandika.

Jioni ya onesho, ukumbi ukiwa unajaa, kijana wa tarumbeta ya pili aliinama kutoka safu ya nyuma akaniuliza huyu mtu wa chini ya jina lake ni nani. Nikamwambia ndiye mwenye kiti chake. Akauliza linatamkwaje. Alikosea mara mbili, nikamrekebisha. Mara ya tatu alipatia, akaitazama karatasi, akaiweka sawa. Mwalimu akainua mikono.